Shukrani za Wafanyakazi kwa Mchezo wa Kuanguka

Mheshimiwa mwakilishi wa Meya wa mji wetu wa Kamina. Bwana Mkurugenzi Jean-Baptiste Lumbala, baba wa kinu hiki. Bwana Xavier, mgeni wetu kutoka Lubumbashi, uliyekuja kutujenga. Wachungaji, mapadri na masista. Mama zetu wake wa wanajeshi mliotoka Base, ambao ndio mnaoula unga wetu na ndio mnaoturudishia ukiharibika. Ndugu wafanyakazi wa mapokezi, wa mashine, wa ghala na wa ofisi. Na ninyi jamaa mliokaa huko nyuma karibu na masufuria, ambao hamkualikwa lakini mmefika: nawaamkia wote, kila mmoja kwa heshima yake, na kama kuna niliyemruka anivumilie, maana leo kichwa changu kimejaa.

Kwa wasionijua, mimi ni Delphine Tshala, mjumbe wa sindika, chama cha wafanyakazi hapa kinuni, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa mizani, pale katikati ya mapokezi na mashine. Jana Bwana Constant wa protokole, aliyesimama pale na suti yake nzuri, alinijia akasema, "Mama Delphine, kesho utasema neno ya shukrani kwa jina ya bafanyakazi. Ikuwe fupi, na ikuwe nzuri." Nikamuuliza, "Nishukuru juu ya nini?" Akanijibu, "Juu ya ekipe," yaani kikosi chetu cha kazi na siku hii ya kukijenga. Nikakubali, kwa sababu anayekataa kushukuru huambiwa ana roho mbaya. Lakini ndugu zangu, mtu akikuomba umshukuru kabla hujaona alichokupa, hutazami mikono yake kwanza?

Nisiwafiche, mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu husema nashuku hata chumvi, na ni kweli, naionja kabla ya kuitia. Nimezaliwa katika nyumba za reli. Baba yangu alikuwa mfungaji wa mabehewa, mama yangu alitoka Kasai, jirani wa kushoto alikuwa Mtetela, jirani wa kulia mtu wa Malemba-Nkulu, na jambo lililotuunganisha wote, kuliko hata kanisa, lilikuwa kuogopa zawadi za wakubwa. Baba alikuwa akisema, chef akileta limonadi, wewe angalia nani hakupewa glasi. Na hapa kinuni je, hatujayaona? Mwaka tuliopewa fulana zenye picha ya gunzi la muhindi, ndio mwaka kamio ya kutuchukua asubuhi ilipokoma. Mwaka wa keki ya Noeli tulikula, tukapangusa midomo, kisha tukaambiwa Jumamosi si ya kupumzika tena. Leo tumepewa kofia. Ni kofia nzuri, imenikaa vizuri, na bado nimeivua nikaitazama ndani.

Kwa hiyo nitasema mapema ninachokiogopa, msije mkanitafuta maana. Tangu mchana neno linapita kati ya viti: kwamba vyeti vikiisha kutolewa, Bwana Mkurugenzi atataja mtu asiye na roho ya ekipe, na mtu huyo ni Malachie, fundi wa mashine yetu, na Jumatatu hatarudi kazini. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Malachie yuko pale, ameishika kofia yake kwa mikono miwili. Mke wake, Exaucée, amekaa upande wa wanawake na mtoto mgongoni, na tangu hotuba zianze hajapiga makofi hata mara moja. Mimi nimesimama hapa kwa ajili ya watu hao, na yote nitakayoyasema yanaelekea kwao, hata nikionekana ninazunguka.

Lakini shukrani ni shukrani, na mwenye haki yake apewe. Bwana Xavier, wewe umetoa jasho. Ulitufanya tuvute kamba, ofisi upande huu na mashine upande huu, na ofisi wakaburutwa mpaka kwenye matope, na hakuna mtu wa mashine atakayeisahau siku hiyo. Ulitufanya tupike pamoja, na tukajua kwamba mkuu wa ghala hajui kusonga bukari, anaukoroga kama uji wa mgonjwa. Nilimwona mhasibu wetu akicheka. Nimefanya naye kazi muda mrefu, na sikuwa najua kwamba ana pengo upande ule. Mambo haya ni mema, ninayasifu bila kujificha: watu waliocheka pamoja huona haya kidogo kuchongeana, na kinu chetu kilikuwa na uchongezi kama nyumba yoyote yenye watu wengi. Samaki wa Kinkondja waliopikwa leo walikuwa wanono. Nani atanuna akiwa na samaki mnono mkononi?

Sasa naomba mnivumilie, maana shukrani zangu zina maswali ndani yake.

Swali la kwanza ni hili. Ulipokuja mara ya kwanza, Bwana Xavier, kabla ya mvua, ulizunguka kinu kizima ukitazama namna tunavyofanya kazi. Ulipofika kwenye mizani ulisimama sana. Ulimwona Mama Kyabu wa mapokezi, ulimwona Malachie wa mashine, ukaona kwamba wawili hao hawasemezani kamwe, hawatazamani, na mmoja akipita mwingine anageukia ukuta. Ukauliza, "Hawa wamegombana?" Watu wakacheka, na wewe ukadhani wanakucheka. Hukupewa jibu. Ngoja nikupe leo, mbele ya mashahidi.

Mama Kyabu ndiye aliyemzaa Exaucée. Malachie ni mkwe wake.

Ninyi wa Base, mliozaliwa Équateur na Kivu na kwingineko, huenda kwenu mkwe na mama mkwe hukumbatiana. Na vijana wetu wa leo pia, tunawaona, wanampa mama mkwe mkono, wanapiga naye picha kwa simu. Sisemi wamekosea. Lakini Malachie na Mama Kyabu ni Waluba wa kule ndani, walilelewa na wazee wao, na kwao mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali chakula mbele yake, hamgusi, hagusi nguo yake, wala hasemi naye ana kwa ana. Akimwona njiani, anapita majanini. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima kubwa, kwa sababu ndiye mlango alimotoka mke wake. Mchungaji wangu hapo mbele anatikisa kichwa, anasema Injili imeyamaliza hayo. Mchungaji, tutaongea wewe na mimi baadaye, leo niache.

Mtaniuliza, walifanyaje kazi mahali pamoja? Walifanya kazi vizuri kuliko sisi wote, na mdomo wao nilikuwa mimi. Mimi si wa ukoo wao, naweza kusema na huyu na huyu. Mama Kyabu anatia mkono ndani ya gunia, anatafuna punje, kisha ananiambia, "Delphine, ambia mukwe wangu, hii mahindi iko na mayi, ingoje yua." Nami napaza sauti, maana mashine inanguruma, "Malachie, mama anasema mahindi haya yana maji, yangoje jua." Naye anajibu, akitazama mashine yake, "Ambia mama, nimesikia, nitaanza na ya jana." Nami namgeukia mama napaza sauti tena. Na kwa kuwa nilipaza sauti, kila mtu alisikia. Mbeba magunia alisikia, mshonaji wa magunia alisikia, hata dereva aliyekuja kutuuzia mahindi mabichi alisikia, akaanza kutazama viatu vyake. Bwana Xavier, wewe ulitufundisha kwamba ekipe nzuri ni ile isiyofichana neno. Umeona wapi watu wasiofichana neno kuliko hao?

Lakini jibu hilo hukupewa, nawe ukasema kuna kizuizi, na kizuizi kikatafutiwa dawa. Dawa ilikuja mapema mno, na hapo ndipo mimi na chumvi yangu tulipoanza kuonja. Juma lilelile ukutani pakabandikwa tangazo kubwa: Tuongee Uso kwa Uso, kila mtu aseme na mwenzake mwenyewe, asipitishe neno kwa mwingine. Na juma hilohilo mimi nikaitwa, nikapewa mkono, nikaambiwa nimepanda cheo. Nimetolewa kwenye mizani, nimepewa meza katika ofisi, karibu na dirisha, jina lake Uratibu. Nimeratibu nini mpaka leo? Bado nasubiri kuambiwa. Ninachojua ni kwamba mjumbe wa sindika aliyekuwa anakaa katikati ya watu, anasikia kila neno la kila mtu, sasa anakaa peke yake na feni isiyozunguka. Nauliza tu: mchezo wa kutuunganisha ulianzaje kwa kunitenga mimi? Huenda ni bahati. Bahati za wakubwa mara nyingi huwa na miguu, zinajua zinakokwenda.

Mizani akapewa kijana mwema, Jérémy, na Jérémy akaambiwa asibebe maneno ya watu. Yeye ni mtu wa kutii, hakuyabeba.

Kisha mvua ikaja. Mnaijua barabara ya Kaniama mvua ikinyesha. Makamio yalikwama kwenye matope, mahindi yakalala chini ya turubai zilizotoboka, na yalipofika hapa yalikuwa yamelowa mpaka ndani. Mama Kyabu alitia mkono, akatafuna, akajua. Akamtazama Jérémy, Jérémy akalitazama tangazo. Afanye nini? Amwendee mkwe wake, asimame mbele yake, amwite jina? Afadhali angekufa. Basi alifanya alichoweza. Alifungua kikwembe chake cha juu, akakitandika juu ya magunia yale, maana yake: haya msiguse. Kila mwanamke aliye hapa angeielewa alama hiyo.

Malachie akaja kutoka kwenye mashine kuchukua mahindi. Akakiona kikwembe. Akakijua ni cha nani. Na sasa nawaomba mkae kimya kidogo mfikiri: mwanamume mwenye heshima akiona nguo ya mama mkwe wake imetandikwa mahali, anafanya nini? Anaisogelea aichunguze? Anajiuliza ina maana gani? Malachie aligeuza uso wake, kama alivyofundishwa na baba yake, akalizunguka fungu lile kwa nyuma bila kutazama, akachukua magunia kwa upande wa pili. Upande ambao kikwembe hakikufika. Mahindi yaleyale.

Akayasaga.

Mnajua kilichofuata. Unga uligandamana ndani ya magunia kama sabuni, ukanuka, ukafika Base. Mama mmoja, simtaji, yuko hapa na anatabasamu, alilileta gunia lake mpaka getini kwetu, akalitupa chini, akasema, "Hii njo bunga gani? Hata bata yangu iko nakataa." Kinu kizima kiliona aibu. Mimi niliona aibu nikiwa kwenye dirisha langu la Uratibu, ambako hakuna neno lililonifikia mpaka mambo yameharibika.

Watu wakaulizwa. Na katika kuulizwa huko hakuna aliyesema. Malachie angesemaje? Mwanamume gani atasimama mbele ya wakubwa aitaje nguo ya mama mkwe wake? Akasema tu, "Ni mimi nilisaga." Mama Kyabu angesemaje? Angesema nilimwekea alama hakuijali, na hapo angekuwa anamshitaki baba wa wajukuu wake. Akasema tu, "Minyi niko muzee, sijui." Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ukamwangukia Malachie. Pakasemwa kwamba hasikilizi wenzake. Wengine wakafika mbali, wakasema aliharibu kwa makusudi. Makusudi gani? Mtu anayeamka kabla ya mashine, anayeifuta mashine kwa fulana yake mwenyewe, fulana ileile ya gunzi?

Haya yote nimeyapata kwa njia ya Exaucée. Mama yake alimwambia upande wake, mume wake alimwambia upande wake, kila mmoja peke yake, na binti huyu amekaa katikati usiku na mchana na maneno mawili yasiyokutana. Akaja kwangu akilia. Nikamwambia, rudi uwaombe ruhusa, mimi nitasema. Malachie alijibu, "Kama mama anakubali." Mama Kyabu alijibu, "Kama yeye anakubali." Hata ruhusa walipeana kwa heshima. Ndiyo maana leo ninasema, na msidhani ninawavua nguo watu wa watu.

Sasa nifike asubuhi ya leo, kwenye mchezo wa kuanguka. Kwa waliochelewa: mtu anasimama, anafumba macho, anajiangusha nyuma, na mwenzake anamdaka mikononi. Bwana Xavier alieleza kwamba anayeanguka bila woga ana imani na ekipe yake. Sawa. Majina yakakunjwa, yakatiwa katika kofia, yakachanganywa, yakatolewa mawili mawili. Na kati ya watu wote wa kinu hiki, bahati ikamtoa Malachie, na ikamtoa pamoja na Mama Kyabu.

Nauliza tu. Kofia ilikuwa ya nani? Mkono ulioingia ulikuwa wa nani? Sisemi kitu. Baba yangu alifunga mabehewa maisha yake yote, na alinifundisha kwamba mabehewa hayakutani yenyewe, kuna mtu aliyeyasukuma.

Mliona kilichotokea. Malachie alikunja mikono akatazama chini. Bwana Xavier akamwambia kwa upole, "Fungua moyo, kaka, anguka tu, mama atakudaka." Mama Kyabu alijifunika uso kwa ncha ya kikwembe akaenda kusimama nyuma ya jiko, na mpaka sasa yuko kule, hakula. Baadhi yetu walicheka. Mimi sikucheka, nilitaka kulia, nasema wazi. Kisha tukasikia kwa kipaza sauti kwamba mfanyakazi huyu hana imani na wenzake. Na Bwana Mkurugenzi, kwenye kiti chake, akatikisa kichwa kukubali.

Bwana Xavier, wewe sikulaumu. Ulikuja kutoka mji mkubwa, ulifundishwa michezo yako mahali ambapo mkwe ni mtu wa kawaida, na tulipocheka badala ya kukujibu tulikukosea sisi. Mchezo wako si mbaya. Ungemwambia Malachie amwangukie Jérémy, angeanguka kama gunia. Ungemwambia aniangukie mimi, angeanguka, na mimi ningevunjika mgongo nikiwa na furaha.

Lakini wewe, Bwana Mkurugenzi Lumbala, ulitikisa kichwa ukikubali nini? Hukujua? Hilo ndilo swali langu la mwisho, na ndilo lililoninyima raha tangu asubuhi. Mgeni hakujua. Wewe ni mtoto wa hapa. Umeoa hapa. Sisi wafanyakazi tulikuja kwenye harusi yako, tukabeba viti. Kama ulijua, na ukaacha mtu wako afedheheshwe ili apatikane wa kubebeshwa unga ulioharibika, basi siku hii haikuwa ya kujenga. Na kama umesahau, kama kweli mambo haya kwako yamekwisha na ni ushamba wa watu wa mashine, basi sema, nasi tutakuamini. Nitakusaidia kusema.

Mama Tshiala yuko hapa, mama mzazi wa mke wako. Nilimwalika mimi, baada ya mchezo ule. Amekaa safu ya nyuma upande wa kulia, chini ya ile bendera. Najua unajua, kwa sababu tangu alipoingia shingo yako haijageuka upande huo. Ulipopita kusalimia wageni ulisalimia upande wa kushoto, ukarudi. Nilimweleza yote. Aliniambia, "Nitakuja, nitakaa nyuma. Sitamufezehesha mukwe wangu. Kama haya yake iko bado, bantu bataiona." Basi mimi sitamwomba mama asimame, Mungu anilinde. Nakuomba wewe tu. Kama mchezo ule ndio kipimo cha mtu mwema kazini, simama, Bwana Mkurugenzi, nenda mpaka safu ya nyuma, umpe mgongo, ufumbe macho, uanguke. Ukianguka, mimi mwenyewe nitamwambia Malachie akusanye vitu vyake, na sindika haitasema neno.

Tunangoja.

Naona umebaki kwenye kiti. Umeinamisha uso. Hapana, msicheke, ndugu zangu, nawaomba sana, huyu naye ni mtoto wa watu, na anachokifanya sasa ni chema. Bwana Mkurugenzi, nilikuja hapa nikikushuku sana, na bado nakushuku kidogo, lakini kwa kutosimama kwako nakuheshimu. Heshima iliyokufunga kwenye kiti hicho ndiyo iliyomfunga Malachie asubuhi, na ndiyo iliyomfanya alizunguke fungu la mahindi bila kutazama. Utamfukuzaje mtu kwa jambo ulilonalo wewe mwenyewe?

Bwana Constant anaitwa mbele. Ameinama, anaambiwa kitu sikioni. Anakuja huku. Tulieni.

Bwana Constant ananiambia kwamba Mkurugenzi anasema shauri la Malachie limekwisha.

Limekwisha namna gani? Msipige makofi bado. Shauri huisha kwa mtu kubaki, na huisha pia kwa mtu kwenda. Bwana Constant, fanya hisani, rudi ukamuulize, limekwisha kwa kubaki au kwa kwenda.

Tunangoja tena, hatuna haraka, samaki bado wapo.

Haya, Bwana Constant. Hapana, usiniambie mimi sikioni. Shika kipaza sauti hiki, upaze sauti, kila mtu asikie, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye mizani.

Mmemsikia. "Malachie anabaki na mashini yake. Jumatatu anakuja kazi. Na ile tangazo ya ukuta itatoka." Mmemsikia, wa ofisi? Mmemsikia, mama wa Base? Mwakilishi wa Meya, umesikia na wewe, utakuwa shahidi wetu.

Bwana Mkurugenzi, kwa jina la wafanyakazi wote, sasa nakushukuru, na safari hii najua nimepewa nini. Bwana Xavier, asante kwa kamba na kwa bukari ule wa mkuu wa ghala. Ukirudi, uliza kwanza nani ni mkwe wa nani, tutakujibu. Nawashukuru ninyi nyote kwa kunipa masikio yenu muda mrefu kuliko Bwana Constant alivyoniomba. Na wewe Exaucée, binti yangu, usilie tena, simama. Nenda pale nyuma ya jiko umwambie mama yako: mkwe wake hakufukuzwa, aje ale.